Unga wa Muhogo kwenye Jiwe la Mjane

Watu wa Butembo hawakuwa na neno la mchezo wetu. Siku ya Jumamosi waliokuwa wakirudi kutoka sokoni walisimama njiani, wakatua mizigo, wakatutazama tukipanda jiwe mpaka juu kabisa na kushuka mikono mitupu. "Bale balimu," walisema, yaani wale walimu, "banapanda, banashuka, hapana leta kitu." Tungekuwa tunatafuta asali au mayai ya ndege wangetuelewa. Kupanda jiwe kwa ajili ya kulipanda tu kuliwachekesha, na mimi, ambaye nilikuwa mwepesi wa hasira siku zile kama nilivyo leo, niliwajibu maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema barabarani.

Tulikuwa wawili. Mimi nilitoka Maniema, upande wa Kindu, nchi ya msitu na mto, ambako jiwe kubwa nililolijua utotoni lilikuwa lile la kunolea panga. Serikali mpya ya uhuru ilinituma kwenye baridi ya Butembo na karatasi yenye mihuri mitatu, nifundishe Kifaransa. Mwenzangu alifundisha hesabu. Yeye alikuwa mtu wa huku huku, mzaliwa wa Luofu, aliyepanda mawe tangu alipokuwa akichunga mbuzi wa baba yake. Ndiye aliyenifundisha kuweka ncha ya mguu mahali ambapo jicho linasema hapana mahali. Alikuwa mfupi, mkavu, hana maneno mengi, na kila nilipofika alikuwa amekwisha kufika kabla yangu. Nakiri mapema kwamba jambo hilo lilinikera.

Hatukutumia kamba. Mawe yetu hayakuwa marefu: watu wawili, watatu, mmoja juu ya mabega ya mwingine. Chini tulilundika mabua makavu ya maharage ili tukianguka tusivunjike. Viatu tuliviacha, maana viatu vya mwalimu vilikuwa jozi moja. Jasho la mikono tulilikausha kwa unga wa muhogo, tukiupaka viganjani kabla ya kushika jiwe. Hayo ndiyo yalikuwa maarifa yetu yote.

Shida haikuwa kupanda. Shida ilikuwa kupata pa kupanda. Jiwe la kwanza, lililokuwa karibu na barabara, liliuawa kwa moto: watu wa kazi za barabara walilizungushia kuni, wakalichoma kutwa nzima, wakalimwagia maji baridi, likapasuka kwa mshindo uliosikika mpaka shuleni. Tukalikuta wiki ile ile limekuwa kokoto kwenye mashimo ya njia ya Beni. La pili mwenyewe alitufukuza na jembe, na alikuwa na haki, kwa sababu wanafunzi waliotufuata walimkanyagia shamba lote la viazi. Baada ya hapo mwenzangu alikuwa na msemo wake, kwamba jiwe halifungwi na mwenye shamba, linafungwa na miguu ya wanaolipenda. Nilimcheka nikamwambia aende akaandike katekisimu.

Likabaki jiwe la mjane.

Lilikuwa kwenye mteremko nje kidogo ya mji, limezungukwa na maharage, nyumba yake ikiwa chini tu. Upande uliotazama uani ulikuwa rahisi. Nyuma palikuwa na sehemu iliyojitokeza nje kama mdomo wa mtu aliyenuna, na tuliita hivyo, Mdomo. Chini ya Mdomo mvua haikufika, na kwenye mwamba bapa uliotandaa hapo mjane alianika mihogo yake na unga wake. Hakuna aliyewahi kupita Mdomo, hata mwenzangu. Alikuwa amejaribu hadi ngozi ya vidole ikatoka.

Mjane mwenyewe alikuwa na miaka hamsini hivi, mwembamba, sauti kubwa, mtoto wake mmoja tu wa kike ameolewa Alimbongo. Tulipokwenda kumwomba, alituacha tumesimama muda mrefu huku akimaliza kupepeta.

"Munatafuta nini kule juu?"

"Hakuna kitu, mama," nilisema. "Ni kupanda tu."

"Kupanda tu." Alinitazama toka miguu hadi kichwa. "Na serikali inalipa batu ya hivi?"

Mwenzangu akaanza kumweleza kwa Kinande, kwa heshima, kwa muda. Mimi niliokota neno hapa na pale. Alipomaliza, mjane alijibu kwa Kiswahili ili na mimi mgeni nisikie.

"Mutakuja, mais mutanisalimia kwanza ku mulango, sababu mimi hapana taka kuona vichwa ya batu juu ya nyumba yangu kama ndege. Maragi yangu, muzunguke kule ku migomba. Na ile unga munapakaaka ku mikono, mutafuta." Akainua kidole. "Yote. Batu bakiona mikono nyeupe juu ya nyumba ya mujane, batasema nini? Batasema ni mulozi, muchawi. Mutaenda kwenu ku masomo, mimi nitabakia hapa na hiyo maneno. Donc mutafuta."

"Wasingya, mama," alisema mwenzangu, asante ya kwao, na mimi nikairudia vibaya, naye akacheka kwa mara ya kwanza.

Basi ikawa hivyo. Tulimsalimia, tulizunguka migombani tusiyakanyage maragi yake, maharage, na kila mara kabla ya kupanda alitupa mstari mmoja mmoja wa kupalilia, ambao haukuwa kwenye mapatano lakini nani angebishana naye. Jioni ikikaribia tulifunga majani makavu ya migomba kwenye fimbo na kulisugua jiwe, shiko baada ya shiko. Yeye alisimama mlangoni, kiganja juu ya macho, akitusimamia: "Kule! Kushoto! Na pale, mwalimu murefu, unafikiri sioni?" Nilipoanguka kwenye mabua alicheka mpaka akashika mlango. Nilizipenda Jumamosi zile. Nilikuwa mbali na kwetu, barua hazikufika, na pale palikuwa na mtu aliyeniona nikianguka na kuniuliza kama nimeumia.

Kisha waasi wakaja.

Waliingia mjini wakiwatafuta waliokula na serikali, na kwa hesabu zao waliokula na serikali ni kila aliyevaa tai. Makarani walichukuliwa makwao. Bwana shamba alichukuliwa akiwa mezani, na sahani yake ilikaa pale siku mbili kwa sababu hakuna aliyethubutu kuingia kuiondoa. Mwenzangu aliondoka kwa miguu kurudi Luofu kwa njia za mashambani. Ungefikiri mimi lugha yangu ingeniokoa, maana wengi kati yao walitoka upande wa kwetu. Ilikuwa kinyume. Mtu wa kwao aliyekula mshahara wa serikali walimwona msaliti mara mbili.

Nilikwenda kwa mjane. Sikujua pengine pa kwenda. Alifungua kibanda alimoweka mbegu za maharage, akasukuma magunia, akaniwekea mkeka. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, alinipa bugali na sombe, kisamvu cha kwao, akaniambia habari za mjini kwa sauti ya kunong'ona ambayo haikuwa ndogo hata kidogo.

Mchana mmoja nilimsikia akisalimia watu kwa kelele: "Karibuni! Karibuni, batoto! Munakuja wengi hivi?" Nikaelewa. Nilitoka kwa nyuma. Upande rahisi wa jiwe ulitazama uani, walikosimama. Kwingine kote kulikuwa maharage yanayofika gotini. Ulibaki Mdomo.

Mikono yangu ilikuwa imelowa kwa woga. Nilichovya viganja vyote viwili kwenye unga wake uliokuwa ukikauka mkekani na kupanda. Mguu wa kulia kwenye punje ndogo ya jiwe iliyojitokeza chini, mkono wa kushoto kwenye ufa, mwili wote ukining'inia nje, halafu mahali ambapo mara zote nilianguka. Kiganja cha kulia nilikigandamiza chini tu ya ukingo wa Mdomo, nikasukuma, nikatupa mkono wa kushoto juu bila kuona. Ukakuta shiko. Nikajivuta, nikalala kwenye kishimo kilichoko juu, uso kwenye maji ya mvua ya jana.

Niliwasikia wakimuuliza. Nilisikia kofi. Nilisikia mbuzi wake akivutwa. Na hapa ndipo aibu yangu inapoanzia, kwa hiyo nitaiandika wazi: nilikuwa nimelala juu ya jiwe, watu ambao wangeniua wako chini yangu, mama wa watu anapigwa kwa ajili yangu, na moyoni nilikuwa na furaha. Nimepita Mdomo. Mwenzangu hajapita. Nimepita.

Walipoondoka aliniita. Shavu lake lilikuwa limevimba. Aliweka fimbo ya majani ya migomba mkononi mwangu kabla ya kunipa maji ya kunywa.

"Futa. Bakirudi bakaona, tumekufa."

Nilifuta. Nilifuta ufa, nilifuta chini, nilifuta ukingo. Kile kiganja chini ya Mdomo sikukifuta. Kilikuwa kizima, vidole vitano vilivyotanuka, unga na jasho vimeshikana na jiwe kama uji ulioganda. Mvua isingekifikia. Nilitaka mwenzangu akirudi akione kwa macho yake, kwa sababu nilijua kwamba bila alama ile angeniamini kwa adabu tu.

"Umefuta?"

"Nimefuta, mama."

"Yote?"

"Yote."

Aliinua macho kidogo, akaingia ndani kupika.

Wiki chache baadaye jeshi la serikali likarudi. Kwanza milio, kisha kimya, kisha malori yenye muziki. Watu waliimba barabarani. Nilitoka kibandani, nikaenda nyumbani kwangu, nikakuta mlango umevunjwa lakini koti langu likiwepo. Nikalivaa. Kesho yake nilichukua chumvi na sabuni, nikatia karatasi yangu ya mihuri mitatu mfukoni, nikapanda mteremko kumshukuru mjane kama mtu mwenye akili timamu.

Nilikuwa na hofu njiani, siwezi kusema sikuwa nayo. Mjini nilikuwa nimeona wanaume wawili wa upande wa kwetu, Maniema, wakipakiwa kwenye lori huku wameshika karatasi zao juu. Kwa wanajeshi, mtu wa kwetu aliyekutwa hai baada ya waasi alikuwa mwasi. Sasa ilikuwa zamu ya hawa kunihesabu hivyo.

Uani niliwakuta wanajeshi sita. Walikuwa wakipekua vilima. Sajini alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mwamba bapa, amesimama katikati ya mihogo, akitazama juu, na mjane kando yake.

"Nani amataki kuna?" aliuliza kwa Kilingala. Nani alipanda kule.

Waasi walikuwa na waganga waliowapaka dawa ili risasi isiwaingie. Wanajeshi waliicheka dawa ile kwa sauti kubwa, na waliiogopa. Kiganja cheupe juu ya nyumba, mahali ambapo mtu hawezi kufika, kwao kilikuwa kitu kimoja tu.

"Ni unga ya muhogo, chef," alisema mjane. "Ni batoto banacheza."

"Batoto gani? Baite."

Mjane aliangalia mihogo yake. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake na hakuniangalia hata mara moja. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Sajini ndiye aliyeniangalia.

"Na yo, moto ya wapi?"

Wewe, mtu wa wapi. Nilifungua kinywa. Sijui mpaka leo ni jina gani la mji lingetoka.

"Huyu ni mwalimu ya masomo," alisema mjane haraka. "Anakuja kununua maragi. Hapana jua kitu ya hapa."

Nilitoa karatasi. Sajini akatazama mihuri, akanirudishia. Akamgeukia tena mjane.

"Donc ni nani?"

"Ni mimi," alisema. "Ni mukono yangu."

Walicheka wote sita. Sajini hakucheka kwa muda mrefu. "Mata," alisema. "Mata, tomona." Panda, tuone.

Alifungua kitenge cha juu, akakikunja, akakiweka juu ya mihogo. Alichovya viganja kwenye unga, akavisugua jinsi tulivyokuwa tukivisugua. Kisha akaweka mguu wa kulia kwenye ile punje ndogo ya jiwe, penyewe hasa, bila kupapasa. Jumamosi zote zile alizotucheka alikuwa akitazama miguu yetu. Aliinuka. Mkono wa kushoto ukaingia kwenye ufa. Mguu wa pili ukaacha ardhi, na kwa pumzi moja ya kijinga niliamini kwamba atafika.

Akaanguka chali kwenye mwamba. Hapakuwa na mabua. Nilisikia nyonga ikivunjika.

Mikono yangu ilikuwa kwenye mifuko ya koti. Ningeweza kuutoa mmoja na kusema: pimeni, ni huu. Ningesema neno moja tu. Sikulisema. Mwanajeshi mmoja alikifyatulia risasi kile kiganja, akakikosa, jiwe likamegeka pembeni. Wakambeba mjane, wawili miguuni wawili mabegani, wakamshusha barabarani, na lori likaelekea Beni. Chumvi na sabuni viliachwa mlangoni na mimi, sijui kwa ajili ya nani.

Nilikwenda Beni mara moja. Nilisimama mbali na lango la kambi, nikatazama wanaoingia na wanaotoka, nikarudi bila kumuuliza mtu. Hakurudi tena. Watu walisema waliochukuliwa siku zile walipelekwa mbele. Mbele ni wapi, hakuna aliyesema.

Shule ilipofunguliwa mwenzangu alirudi kutoka Luofu, amekonda, mzima. Nilimwambia mjane alichukuliwa na wanajeshi. Sikumwambia kwa nini. Alilia waziwazi, nami nikamtazama akilia. Miezi ikapita. Msimu wa kupanda maharage ulipokaribia akaniambia kwamba binti wa mjane amerudi kutoka Alimbongo kulima shamba la mama yake, na kwamba amelifunga jiwe kwa uzio wa miiba. "Twende tumuombe," alisema. "Mama yake alitukubalia. Tukinyamaza, jiwe litasahau kama lilikuwa wazi." Mara mbili nilisema nina homa. Mara ya tatu sikupata uongo mwingine.

Tulimkuta akilima. Alikuwa na kinywa cha mama yake. Tulimsalimia, tulisimama nje ya miiba, na mwenzangu, mtu asiye na maneno mengi, siku ile alisema vizuri.

"Sisi hatukuharibu kitu, dada. Mama alituwekea sheria, tukafuata. Tulizunguka maragi. Na unga, tulifuta kila mara, vraiment kila mara, hata yeye mwenyewe..."

Alikuwa ameinua macho. Toka tulipokuwa tumesimama, pembeni mwa nyumba, chini ya Mdomo palionekana. Kilikuwapo. Vidole vitano, na kovu la risasi kando.

"Mwalimu!" alipiga kelele, akanishika bega kwa mikono miwili, uso wote umefunguka. "Ulifika! Ulipita Mudomo! Na hukuniambia!"

Hiyo ndiyo sifa niliyokuwa nimeitamani. Ilinijia nzima, bila wivu hata chembe.

Nikasema. Nilimwambia yule binti pale pale, mbele ya mwenzangu: kwamba kiganja ni changu, kwamba mama yake aliniambia nifute na nikasema nimefuta, kwamba kwa ajili ya alama ile ndiyo walimchukua, kwamba nilikuwepo na nikanyamaza. Mikono ya mwenzangu ilitoka begani kwangu.

Binti aliegemea jembe.

"Najua ni yako," alisema. "Nilikuja kumuona kabla ya basoda ya serikali kurudi, wewe uko mule ku kibanda. Akanionyesha. Akacheka. Akasema, mwalimu anasema amefuta, angalia kule. Nikamuambia, mama, umuite afute. Akasema hapana. Akasema, huyu mutoto ya batu hana kitu ingine ya kumufurahisha. Muache. Atafuta siku mwenzake atakuja kuona."

Akasogeza miiba kwa mguu, pakawa na nafasi ya mtu mmoja.

"Sasa mwenzako ameona."

Nilivua viatu ili nikakifute kwa mkono ule ule ulioacha alama. Mwenzangu hakusogea kunilundikia mabua, na sikumwomba. Nilianguka mara ya kwanza kwenye ufa. Ya pili na ya tatu pia. Mara ya nne nilifika karibu, nikaona mistari ya kiganja changu kwenye unga, nikanyoosha mkono, nikaanguka kwenye mwamba pale pale alipoangukia. Nilijaribu mpaka vidole vikaacha damu kwenye punje ile ya jiwe. Siku ile sikuwa na mtu wa kumkimbia.

"Basi," alisema binti. "Muende."

Tulipotoka alirudisha miiba, akachukua jembe lake. Mwenzangu alitangulia, akazunguka migombani ili asikanyage maharage, nami nikamfuata nyuma.